Mchezaji wa Uwanja wa Nje: Maisha ya Kazi katika Ligi Ndogo za Besiboli

Mchezaji wa uwanja wa nje katika ligi ndogo za besiboli za Marekani ni mwajiriwa wa klabu kubwa ambayo huenda asiichezee hata siku moja. Jezi anayovaa ni ya timu ya mji mdogo, na wanaomshangilia ni watu wa mji huo, lakini mkataba, mshahara na siku ya kuhamishwa vyote huamuliwa na klabu mama iliyoko Los Angeles, Pittsburgh au Chicago. Klabu mama ziko 30. Tangu mageuzi ya mwaka 2021, kila moja ina timu ndogo nne, yaani timu 120 kwa jumla, wakati kabla ya hapo zilikuwa kama 160. Chini ya timu hizo nne kuna ligi za kambi za mafunzo huko Arizona na Florida, na chini zaidi kuna ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako huanzia vijana wengi waliosajiliwa kutoka nje ya Marekani. Anayetoka kambini hupanda daraja la A, kisha A ya juu, kisha AA na AAA. Juu ya AAA kuna ligi kuu, ambamo kila klabu huwa na wachezaji 26 tu kikosini kwa sehemu kubwa ya msimu.

Mfumo huu haukuwapo tangu mwanzo. Zamani timu za miji midogo zilikuwa huru, zikikuza wachezaji na kuwauza kwa klabu tajiri. Katika miaka ya 1920, Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza St. Louis Cardinals, aliona kwamba klabu yake haina fedha za kushindana na klabu za New York katika kununua mchezaji aliyekwisha kuiva. Akaanza kununua timu ndogo zenyewe, ili vijana waivie mikononi mwake. Wengine walimcheka, kisha wakamwiga. Kufikia mwaka 1949 kulikuwa na ligi ndogo 59 nchini Marekani na majirani zake. Baadaye televisheni iliwapa watu wa mji mdogo nafasi ya kutazama klabu kubwa wakiwa sebuleni, na ligi nyingi zikafa.

Shabiki wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, aliyelelewa na soka hukwama hapa kwanza. Kwao mchezaji hupanda na timu: klabu ya mtaa hucheza katika entente, yaani ligi ya mji, ikishinda huenda kwenye ligi ya mkoa, na ikizidi kushinda huingia Linafoot, ligi ya taifa, kama US Panda B52 ilivyofika huko ikitokea mji huohuo wa Likasi. Kijana wa Buluo au Kikula anayeisaidia klabu yake kutwaa ubingwa huwa amepanda pamoja nayo. Katika ligi ndogo za besiboli timu haipandi wala haishuki. Birmingham Barons ya Alabama ingeweza kutwaa ubingwa wa ligi yake ya AA miaka kumi mfululizo na bado ikabaki AA. Anayepanda ni mtu mmoja mmoja, na mara nyingi hupanda katikati ya msimu, timu yake ikiwa inaongoza na inamhitaji. Katanga ina mfano unaokaribia kidogo, nao ni CS Don Bosco ya Lubumbashi, klabu iliyo karibu na TP Mazembe, ambako vijana kadhaa wamepevuka kabla ya kuvaa jezi nyeusi na nyeupe. Hata hivyo Don Bosco ina pointi zake na nafasi yake kwenye msimamo. Kwa timu ya AA, ushindi ni jambo la heshima na la tiketi. Klabu mama inachotaka ni kumtengeneza mchezaji, na kocha anaweza kuagizwa ampange kijana anayekosea kila siku huku mkongwe anayefanya vizuri akikaa benchi.

Uwanja wa nje ni eneo la nyasi lililo nyuma ya vituo ambavyo wapigaji huvizunguka wakikimbia. Hulindwa na watu watatu: wa kushoto, wa kati na wa kulia, wakihesabiwa kwa jicho la mpigaji. Kutoka kwa mpigaji hadi uzio wa kati ni kama mita 120, na pembeni ni kama mita 100, kwa hiyo watu hao watatu hugawana eneo kubwa kuliko wenzao wote. Wa kati ndiye mkimbiaji. Huamuru nani adake mpira ulio katikati ya wawili, na hutakiwa aanze kukimbia kwa kusikia tu mlio wa gongo, kabla jicho halijajua mpira unaelekea wapi. Wa kulia huchaguliwa kwa nguvu ya mkono, maana ndiye mwenye mrusho mrefu wa kumzuia mpinzani asifike kituo cha tatu. Wa kushoto huwa yule aliyebaki, mara nyingi mtu mzito mwenye gongo zuri ambaye makocha wanatafuta mahali pa kumficha.

Ugumu wa nafasi hii unatokana na idadi ndogo ya mipira inayoifikia. Mlinzi wa pembeni anaweza kumaliza mechi nzima akiwa amedaka mipira miwili tu. Kwa sababu hiyo ulinzi peke yake haumwekei mtu mkate mezani. Mlinzi wa katikati ya vituo, anayeguswa na mchezo kila dakika, husamehewa gongo dhaifu kwa ajili ya glavu yake, na mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji husamehewa zaidi. Mchezaji wa nje hasamehewi, hasa wa pembeni: kazi yake ni kupiga, tena kupiga kwa nguvu. Asipopiga, wako mamia wanaoweza kusimama kwenye nyasi badala yake.

Na kupiga ndiko kunakochukua miaka. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, na katika muda huo mpigaji anapaswa kutambua kama unakuja moja kwa moja au utajipinda, kama utapita ndani ya eneo halali au nje yake, kisha aanze kuzungusha gongo. Hakuna anayeweza kufikiri kwa kasi hiyo. Mpigaji hutumia kumbukumbu ya maelfu ya mirusho aliyokwisha kuiona, na asiyeiona mingi hana cha kukumbuka.

Hilo lilithibitishwa mbele ya dunia nzima na Michael Jordan. Mwaka 1994, akiwa na miaka 31 na mataji matatu ya mpira wa kikapu, aliingia Birmingham Barons kama mchezaji wa uwanja wa nje. Chicago White Sox ndiyo iliyokuwa klabu mama, na kocha wa Barons alikuwa Terry Francona, ambaye baadaye aliiongoza Boston Red Sox kutwaa ubingwa wa mwaka 2004. Jordan hakuwa amecheza besiboli ya mashindano tangu sekondari. Katika mechi 127 alipiga kwa wastani wa 0.202, yaani alifanikiwa karibu mara mbili katika kila kumi, akaupitisha mpira juu ya uzio mara tatu tu, na alitolewa kwa kukosa mirusho mitatu mara 114. Upande wa miguu aliiba vituo 30, yaani alivikimbilia bila kusubiri mpira upigwe, jambo ambalo wengi waliomcheka husahau kulitaja. Kwa mchezaji wa nje, 0.202 ni namba ya kufukuzwa kazi. Lakini kwa mtu aliyeruka hatua zote na kuanzia AA, ambako warushaji wengi wamebakiza hatua moja au mbili wafike ligi kuu, ni namba ya kushangaza kwa uzuri wake. Msimu ulipokwisha alikwenda kwenye ligi ya vuli ya Arizona, ambako wastani wake ulipanda hadi 0.252. Dalili ni kwamba alikuwa anajifunza. Wakati huo wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma tangu Agosti 1994, naye alikataa kutumiwa kama mbadala wao. Machi 1995 alirudi Chicago Bulls, na swali la kama angefika ligi kuu likabaki hapohapo.

Ikiwa mwanamichezo wa aina hiyo, aliyezaliwa na kukulia katika nchi ya besiboli, aliteswa hivyo na mirusho ya AA, hesabu ya kijana wa Afrika Mashariki ni nzito zaidi. Uganda ndiyo nchi ya eneo hili iliyoufuata mchezo huu mbali kuliko nyingine. Richard Stanley, mhandisi wa kemia mstaafu wa Marekani aliyekuwa na hisa katika timu ya ligi ndogo ya Trenton Thunder, aligharimia viwanja na shule katika wilaya ya Mpigi, magharibi mwa Kampala. Mwaka 2011 watoto kutoka Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya utata wa hati za kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilipata viza na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Williamsport. Huko iliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Uganda ilirudi tena mwaka 2015. Tanzania nayo ina uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ingawa mchezo huko bado ni wa shule.

Kutoka kwenye kizazi hicho cha Waganda, Los Angeles Dodgers iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022. Pittsburgh Pirates ikamsajili David Matoma, pamoja na Armstrong Muhoozi ambaye kazi yake ni kupiga na kulinda. Serunkuma, Male na Matoma wote ni warushaji, na sababu yake si ngumu kuiona. Kasi ya mkono hupimwa kwa kifaa cha rada siku moja, mahali popote, bila mpinzani. Skauti akisimama Mpigi na kuona namba inazidi kilomita 145 kwa saa, anajua anachonunua. Gongo halipimwi hivyo. Kijana anaweza kuwapiga warushaji wote wa Uganda, na skauti akaondoka bila kujua lolote, kwa kuwa ni wachache mno kati yao wanaorusha kama wa daraja la A. Kijana wa Jamhuri ya Dominika mwenye miaka 16 amekwisha kukabili mirusho mikali kila wiki. Mwenzake wa Uganda, mwenye mwili uleule na miguu ya kasi zaidi, hajapata nafasi hiyo. Mbio zake zinamfaa uwanja wa kati, na mkono wake unafaa uwanja wa kulia, lakini klabu ikiutazama mkono huo hushawishika kumgeuza mrushaji kuliko kusubiri miaka mitano gongo lije.

Wapo Waafrika wawili ambao kazi zao zinaonyesha pande mbili za jambo hili. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia katika jengo la klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake alifanya kazi. Alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Kilichomfikisha ni glavu, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa ndani, na hata hivyo alikaa ligi ndogo misimu minane kamili kabla ya siku hiyo. Katika mechi 28 za mwaka huo alipiga 0.222. Kwa gongo la aina hiyo, nyasi za nje zisingemfikisha popote. Upande wa pili yuko Demi Orimoloye, aliyezaliwa Lagos akakulia Ottawa, Kanada. Huyu ndiye mchezaji hasa wa uwanja wa nje: mrefu, mwenye nguvu na mbio. Milwaukee Brewers ilimchagua katika raundi ya nne ya uteuzi wa mwaka 2015, ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu. Alipita madaraja mwaka baada ya mwaka, kwanza kwa Brewers kisha kwa Toronto Blue Jays, bila kufika ligi kuu. Alikuwa na kila kitu ambacho skauti huandika kwenye daftari, ila gongo halikutulia kwa kiwango ambacho nafasi yake inadai.

Njia ya kuingia hutofautiana kwa mahali mtu anapoishi. Wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico hupitia uteuzi wa kila mwaka, ambao ulipunguzwa kutoka raundi 40 hadi 20. Wengine wote, akiwamo Mganda na hata Mkongo kama angepatikana, wanaweza kusaini na klabu yoyote wakiwa na miaka 16 au zaidi, na dirisha hufunguliwa tarehe 15 Januari. Baada ya kusaini, mchezaji hana uhuru wa kuchagua pa kwenda. Klabu humshika kwa misimu sita au saba, kulingana na umri aliosaini nao, na inaweza kumuuza, kumbadilisha na mchezaji mwingine au kumwacha wakati wowote. Mwaka 2024 idadi ya wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu inaruhusiwa kuwa nao nchini Marekani ilipunguzwa kutoka 180 hadi 165. Punguzo kama hilo huwaumiza zaidi wanaosubiri kuiva.

Umri nao una hukumu yake. Mchezaji wa nje mwenye miaka 20 katika daraja la A ni tumaini, lakini wa miaka 25 katika daraja hilohilo ni kijazio, hata kama wastani wao ni sawa. Miguu hufika kilele mapema, miaka ya mwanzo ya ishirini, huku macho na gongo vikikomaa baadaye. Wapo ambao mistari hiyo miwili haikutani: gongo linapofika kiwango cha uwanja wa kati, miguu imekwisha kupungua na mtu amesogezwa pembeni, ambako gongo lilelile linaonekana dogo. Wanaokwama hapo ndio wengi wa wale wanaojaza AAA. Wakipanda ligi kuu, hupanda kama mchezaji wa nne wa nje, anayepumzisha wengine na kuingia dakika za mwisho kukimbia badala ya mtu mzito. Hushushwa baada ya wiki mbili, mwingine akipona jeraha, na huenda wakapanda tena Agosti.

Malipo yalikuwa aibu kwa muda mrefu. Mshahara ulitolewa katika miezi ya msimu tu, na mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipwa ujira. Mwaka 2014 Aaron Senne na wenzake walizishtaki klabu kwa kukiuka sheria ya kima cha chini cha mshahara. Kesi iliendelea hadi mwaka 2022, ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 185. Katikati ya kesi hiyo, mwaka 2018, bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichowaondolea wachezaji wa ligi ndogo sehemu kubwa ya kinga ya sheria hiyo, jambo linaloonyesha klabu zilikuwa na mkono mrefu kiasi gani. Mabadiliko ya kweli yaliletwa na wachezaji wenyewe: Septemba 2022 walijiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mwaka 2023 wakapata mkataba wa pamoja wa kwanza katika historia yao. Mshahara wa mwaka katika daraja la A ulipanda kutoka dola 11,000 hadi 26,200, AA kutoka 13,800 hadi 30,250, na AAA kutoka 17,500 hadi 35,800. Makazi hutolewa na klabu. Mwaka huohuo wa 2023 mshahara wa chini kabisa wa ligi kuu ulikuwa dola 720,000, kwa hiyo mchezaji wa AAA anayeitwa juu huanza kulipwa kwa siku moja zaidi ya mshahara wake wa wiki nzima.

Kazi yenyewe ya kila siku haina mengi ya kusimulia. Msimu wa daraja la A una mechi 132, wa AA 138 na wa AAA 150. Siku hizi timu hucheza mechi sita na mpinzani mmoja, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu hubaki ya mapumziko au ya safari, ambayo katika madaraja ya chini ni ya basi. Mchezaji wa nje hufika uwanjani mchana kwa mechi ya jioni, apige mamia ya mipira ya mazoezi, adake michache, kisha asimame jioni nzima akisubiri. Anayetoka Afrika huongezewa baridi ya Aprili, vyakula vigeni na vyumba vya kubadilishia nguo ambamo Kihispania husikika sawa na Kiingereza.

Wengi huachwa kabla ya kufikisha miaka 28. Baadhi huenda kwenye ligi zisizo na klabu mama, kama Atlantic League ya Marekani, wengine Meksiko au Taiwani. Wachache hugeuzwa warushaji wakiwa bado na mkono. Njia ya kinyume ni adimu, na Rick Ankiel wa Cardinals ndiye mfano unaotajwa daima: alipoteza uwezo wa kulenga kama mrushaji mwaka 2000, akarudi ligi kuu mwaka 2007 kama mchezaji wa uwanja wa nje. Aliyefika juu kwa siku 43 hupata haki ya pensheni ndogo ya ligi kuu, lakini aliyecheza misimu kumi bila kuitwa hana haki hiyo. Waliosaini wakitoka sekondari kupitia uteuzi wa Marekani mara nyingi huwa na kifungu kinachoilazimisha klabu kuwalipia chuo kikuu, mradi waanze masomo ndani ya miaka miwili baada ya kuacha mchezo. Anayesaini nje ya uteuzi huo hupata kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba wake, na wakala asiyejua kukidai kifungu hicho humrudisha kijana nyumbani akiwa na ufundi ambao waajiri wake wa karibu ni shule na timu za taifa.